Sarafu ya Kitovuni

Sarafu ambayo Mwanaisha alimfungia mwanawe kitovuni, ili kitovu kisitokeze, sasa ilikuwa mkononi mwa Bwana Makame, mnunuzi wa sarafu adimu. Picha ya ndege juu yake ilikuwa imegongwa upande, bawa likakatika, pembeni pakabaki patupu kama mwezi mwandamo. Jirani ndiye aliyemwambia Mwanaisha kwamba sarafu zilizokosewa kiwandani hununuliwa ghali, naye akaanza kuota cherehani.

"Mashine iliteleza tu, mama," alisema Bwana Makame. "Haina thamani. Tena umeisugua kwa majivu!"

"Sasa ningemfungia mtoto kitu kichafu?"

"Basi niachie, nikupe nzima ya kumfungia. Hata mbili."

Akaziweka mbili juu ya meza ya kioo pale barazani, akizisukuma kwa kidole gumba kama makombo. Lakini ile mbovu hakuigusa usoni. Aliishika ukingoni, kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota yai lenye ufa.

Mwanaisha akaona.

"Nirudishie yangu, baba."

"Ya nini? Si nimekwambia mbovu?"

"Mbovu yangu."

Bwana Makame akacheka. "Mwanamke mbishi wewe! Ngoja basi niitazame kule ndani, kuna taa nzuri."

"Itazame hapa hapa. Jua lote hili halikutoshi?"

Mtoto akaanza kulia mgongoni. Mwanaisha hakugeuka. Alinyoosha kiganja, akakiacha wazi chini ya vile vidole viwili, na wote wawili wakaitazama sarafu ikianza kutetemeka.