Kopo la Kipupwe cha Mwaka Juzi

"Bei haijapanda hata senti," alisema Gwandumi, muuza makaa, akipuliza vidole vyake kwenye ukungu. "Mnalalamika nini?"

Tusekile alitoka kwenye foleni. Mgongoni alimbeba pacha aliyebaki. Mwenzake walimzika wiki iliyopita, baada ya kifua chake kubanwa na baridi. Mkononi alishika kopo kuukuu, lile lile ambalo Gwandumi alikuwa akipimia zamani kabla hajalitupa.

"Nipimie kwa hili, baba."

"Mama, hilo si kopo, hilo pipa!"

Watu wakacheka naye, kama wanyonge wanavyopenda kucheka na anayewanyonya.

Tusekile akalichukua kopo jipya la Gwandumi, akalitumbukiza ndani ya lake. Likazama lote. Kicheko kikakatika.

"Kipupwe cha mwaka juzi, kopo moja lilitufikisha asubuhi. Mwaka jana jiko likazima jogoo la kwanza linapowika. Mwaka huu moto unakufa kabla hatujalala. Bei haijapanda, ndiyo. Kopo ndilo linalonyauka."

"Basi wewe sikuuzii," Gwandumi alisema, akilichomoa kopo lake. "Kachome yako msituni. Haya, mwingine!"

Mwingine alikuwa Bupe, mwenye wajukuu nyumbani. Alimtazama mtoto mgongoni mwa Tusekile, kisha akaukunja mfuko wake mtupu, akautia kwapani.

"Nimesema mwingine!"

Gwandumi alisimama amenyoosha mkono wenye kopo lililojaa makaa. Foleni nzima ilitazama chini, miguu ikiganda kwenye umande. Hakuna aliyefungua mfuko, na hakuna aliyeondoka.