Hema la Mtu Mmoja

Katika mji ule, muuza mahema hakutaka kusifu mali yake. Alilisimamisha hema uani, akakuambia uingie, kisha akalimwagia maji ukiwa ndani.

"Kitambaa kikilowa usikiguse," alionya. "Ukikigusa tu, maji yanapenya."

Tabu, aliyekuwa akijiandaa kwa safari yake ya kila mwaka ya mtumbwi mtoni, alishayakataa mawili. La kwanza lilivuja kwenye mshono. La pili lilikuwa zito, na penye maporomoko ingebidi abebe mtumbwi na mizigo yote peke yake.

"Chukua la watu wawili," alisema Zena, dada yake, aliyekuwa akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Huenda safari hii nikapata ruhusa kazini, twende wote."

"Dada, kila mwaka unasema hivyo."

Akaingia la tatu, jepesi kama kanga, akavuta zipu na kulala chali. Maji yakashuka kwa kishindo. Macho yake yalifuata mishono yote. Hakuona hata tone. Miguu yake, ambayo haikutulia hata mezani, ikatulia.

"Linavuja?" Zena aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba livuje.

"Halivuji."

Kisha kitambaa kikabonyea juu ya uso wake. Kilikuwa kiganja cha dada yake, vidole vimetanuka, kikisubiri.

Tabu akainua chake, akakisogeza taratibu hadi kikakutana na cha dada yake, akahisi ubaridi wa maji yakipenya, akakiacha hapohapo.