Kura ya Kubaki

Dada yake alipogeuka kumfunika mama yao shuka, Kowsar alilegeza vidole. Lastiki iliyoshonwa ndani ya jilbabu lake ikazivuta karata halali zikapotelea mkononi mwa vazi, na nyingine zikamtelezea kiganjani. Hizi zilikuwa nyeusi zote.

Ni mchezo aliokuwa akiwachezea watoto wa mtaa wao wa Galbet kila Idi, wakacheka na kushangaa. Leo hakukuwa na wa kucheka. Mama alikuwa amepooza, wao wote wawili walikuwa wameitwa chuoni Nairobi, na mmoja lazima abaki kumuuguza. Walikubaliana dada avute karata moja. Ikiwa nyekundu, ataenda yeye. Ikiwa nyeusi, ataenda Kowsar.

"Bismillahi," dada alisema, akanyoosha mkono.

Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepasuka kwa kufua mashuka ya mama. Kowsar aliitazama mipasuko ile, akatamani kuzirudisha karata za kwanza. Alikuwa amechelewa.

Dada alichomoa karata, lakini hakuifunua. Aliilaza mkekani, akamshika Kowsar kifundo cha mkono, akalivuta jilbabu taratibu mpaka likafunika ncha ya lastiki iliyokuwa imechungulia nje.

Ndipo akaifunua.

"Nyeusi," alisema kwa upole. "Nenda wewe, abaayo, dada yangu. Mimi nitakaa na mama."

Dada alikuwa ameshainuka, anamgeuza mama ubavu wa pili.