Alama ya Kidole Gumba

Binti alikuwa darasani; wenzake walikuwa wanajaza wasifu wao mtandaoni. Ukurasa wake wa “Kazi Zangu” ulikuwa mweupe pe.

“Binti, hujawahi kuandikia watu chochote?” mwalimu wa uhusiano wa umma alimuuliza.

“Hiki tu, na si kazi.” Akamwonyesha kwenye simu picha ya kipande cha boksi. Alikiandika siku uvumi wa nyama ya kibudu ulipofukuza wateja wa bucha ya baba yake: *Kesho mchana sisi na watoto wetu tutakula nyama hii hapa mlangoni. Karibuni.*

“Walikuja?”

“Mpaka baba akakosa hata mfupa.”

Mwalimu, mchoyo wa sifa, aliisoma tena. “Iweke juu kabisa.”

Binti akaikuza picha. Pembeni mwa boksi, baba alikuwa ameacha alama ya kidole gumba chenye damu ya nyama.

“Hii niifute?”

“Thubutu uone!”