Mikono ya Bi Mwanakombo

Glavu ya kubembeleza watoto iliipa timu ya Riziki ushindi katika mashindano ya vyuo vikuu, na mwezi uleule ikaingia madukani. Walikuwa wameinakili mikono ya bibi yake, Bi Mwanakombo, na sheria haikujua mjomba wala shangazi: ujuzi ukishauzwa, mwenyewe haruhusiwi tena kuutumia.

Riziki akajifungua. Kichanga kilipolia, bibi aliikalia mikono yake asije akajisahau.

"Vaa glavu, mjukuu wangu."

Riziki akaivaa, akampigapiga mtoto mgongoni, naye akanyamaza papo hapo.

"Na nikimshika tu, bila kumbembeleza?" bibi akauliza.

 Siku bibi alipotia dole gumba kwenye mkataba wa kuuza ujuzi wake, Riziki ndiye aliyemshika mkono.