Wa Nne Kutoka Kushoto

Pua ya saba nayo Brashi, binti mchoraji, akaifuta kwa kitambaa chenye tapentaini.

"Hiyo ni pua au kitasa cha mlango?" shemeji yake aliuliza, akipita na ngazi begani. Shemeji huyo ni fundi wa kupaka nyumba rangi, na makubaliano yalikuwa wazi: mteja akiikataa kazi Jumamosi, Jumatatu Brashi anaanza kupaka dari za watu.

Brashi hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kunakili vifuniko vya mikebe ya biskuti, akahamia kwenye kalenda, akamalizia na vile vichwa vya ukutani kwa kinyozi. Ndiyo maana mpaka leo kila anayemchora anaonekana ametoka kunyolewa sasa hivi.

Halafu ndio akampata mteja wake wa kwanza wa kweli, bibi mmoja wa miwani, aliyekuja na bahasha nene.

"Nichoree sura ya nne tu, binti. Zile tatu alizichora mwenzako, akahama mji. Humo kuna picha, ikusaidie kuona tulivyokuwa tunavaa."

Brashi akaichomoa picha, bahasha akaitupa mezani. Walikuwa wanne. Watatu wametulia kama nguzo. Wa nne kutoka kushoto, sijui alitekenywa na nani, alitikisa kichwa, akatoka ukungu mtupu kuanzia nywele hadi kidevu.

Sasa unamchoraje mtu asiye na uso?

Macho akayaazima kwa dada yake. Mdomo akautoa kwa mshona viatu, masikio kwa kinyozi. Kila asubuhi uso ulimcheka. Kila jioni aliufuta. Alilia, akaitukana brashi, akaiomba radhi. Ijumaa alikaa mbele ya kioo, akabandika pua yake mwenyewe. Liwalo na liwe.

Jumamosi bibi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Shemeji akaacha kukoroga rangi.

"Uso mzuri," alisema. "Wa nani?"

"Si wa yule wa nne pichani, Bibi?" Brashi akaiinua ile picha. "Ile sura uliyoitaka."

Bibi akaivuta bahasha yake, akatoa rundo la karatasi zilizopigwa chapa, akafunua hadi katikati.

"Sura ya nne, binti, ni ukurasa wa thelathini na moja. Pale ng'ombe wetu anapokula mitihani ya darasa zima."