Golini Mweke Mwingine

Kepteni alifunga breki mbele ya jiko la shamba, pale Ruiru. "Iko wapi bwana yako? Fainali leo, saa nane!"

Wamboi, mpishi, alikuwa na barua mfukoni mwa aproni. Jana bwana mwenye shamba, Myahudi, alimwachia ampe kepteni, akaenda sinagogi Nairobi: "Kesho ni Siku ya Upatanisho. Sili, sichezi. Golini mweke mwingine."

Wamboi aliutazama mkono ulioshika usukani, vinyweleo vyekundu hadi vidoleni. Ndio uliomchapa mumewe kiboko mpaka mgongo ukakataa kunyooka.

"Ametangulia Thika, bwana," akasema kwa upole. "Yuko tayari kabisa."

Kepteni akamgeukia golikipa wa akiba, aliyeketi nyuma na glavu mapajani.

"Shuka wewe. Hatukuhitaji."